Hewa Isiyokatiwa Risiti

Gari linalozima kwenye mataa ya Mwenge linaudhi, lakini linaeleweka. Limezima, unaliwasha, wa nyuma wanakupigia honi, mnaendelea na safari. Gari linalojikanyagia mafuta lenyewe ni habari nyingine. Mguu uko kwenye breki, hujagusa kitu, na mshale wa mizunguko unapanda mpaka 1,800, unashuka mpaka 1,000, unapanda tena, unashuka tena. Kijana wa bodaboda aliyesimama ubavuni anakutazama akidhani unamchokoza mshindane.

Platz yangu ilipitia maradhi hayo yote mawili, na la pili lililetwa na dawa ya la kwanza.

Ni Toyota Platz ya mwaka 2002, injini 1NZ-FE ya cc 1,497, ukoo mmoja na injini za Funcargo na Probox nyingi zinazopita barabara za Dar es Salaam. Throto yake bado ni ya waya. Ukikanyaga pedeli, waya unageuza sahani ndogo ya chuma ndani ya throto bodi na hewa inapita. Ukiachia, sahani inafunga, na injini ingekufa hapo hapo kama kusingekuwa na kijia cha pembeni kinachoizunguka sahani hiyo. Kwenye kijia hicho kuna vali inayotii amri za kompyuta, au kontrol boksi kama mafundi wetu wanavyoiita. Vali inafunguka kidogo, injini inapumua kidogo, na mzunguko unatulia kwenye 700 hivi kwa dakika. Huo ndio mzunguko ambao gerejini wanauita sailensa.

Shida ilianza kwa sailensa kudondoka. Nikiwasha AC nikiwa nimesimama, mshale unazama, gari linatetemeka, linazima. Fundi wa mtaani akafungua throto, akanionyesha masizi meusi yaliyoganda kwenye kingo za sahani, akautikisa mhimili wake kwa kidole na kutoa hukumu: "Hii imekwisha, mama. Tafuta nyingine."

Gerezani, Kariakoo, kila spea ina bei tatu. Kuna ya boksi la Toyota, ambayo muuzaji anakutajia bei huku akikutazama usoni aone utafanya nini. Kuna ya mtumba kutoka Japani, imefungwa waya wenye kibandiko cha karatasi, na hujui ilitoka kwenye gari lililokwenda kilomita ngapi. Na kuna mpya isiyo na ukoo, boksi jeupe, inang'aa, bei ya katikati. Nilichukua hiyo ya mwisho. Mimi si katika wale wanaodharau kila kisichotoka kiwandani; nimefunga chujio za mafuta, plagi na hata pedi za breki za makampuni mengine, na gari halikulalamika. Lakini kuna vipuri vinavyosamehe na visivyosamehe. Chujio likipungua upana kidogo, kuna mpira wa kuziba pengo. Sahani ya throto haina mpira. Inategemea chuma kukutana na chuma kwa uwiano wa sehemu ndogo sana za milimita, mzunguko mzima.

Kwa nini jambo dogo hivyo linakuwa kubwa wakati wa sailensa tu? Injini ya lita moja na nusu ikiwa kwenye sailensa na imeshapata joto inatumia gramu mbili hivi za hewa kwa sekunde. Ikikanyagwa hadi mwisho inatumia makumi ya gramu. Nusu gramu inayopenya mahali pasipostahili haionekani kabisa ukiwa Barabara ya Bagamoyo kwenye mwendo wa 80, lakini kwenye mataa ni robo ya chakula chote cha injini. Tena hewa hiyo haipenyi kwa hiari, inavutwa. Dar iko usawa wa bahari, hewa ya nje inasukuma kwa kilopaskali 101 hivi, na ndani ya manifoldi wakati wa sailensa hubaki kama theluthi moja tu ya hapo. Kila tundu linageuka mdomo unaonyonya. Ukikanyaga mafuta, tofauti hiyo ya mgandamizo inapungua, na tundu linajificha. Ndiyo maana fundi anayelijaribu gari kwa kulikimbiza mpaka Tegeta na kurudi atakuambia kwa moyo mweupe kwamba limepona.

Throto mpya ilifungwa asubuhi, na kabla ya adhuhuri sailensa ilikuwa inacheza ngoma yake ya kupanda na kushuka. Ngoma yenyewe ina sababu. Kompyuta inaona sahani imefungwa, maana yake dereva ameachia mafuta, lakini mizunguko iko juu. Tafsiri yake: gari linateremka mlima, halihitaji petroli. Inakata petroli. Mizunguko inashuka, kompyuta inarudisha petroli isije injini ikazima, na hewa ya ziada inaipandisha tena juu. Mzunguko huo hauna mwisho. Anayeona kwa macho anasema kompyuta imechanganyikiwa, kumbe inafanya kazi yake sawasawa kwa taarifa ilizonazo.

Fundi wa mtaani alichukua bisibisi. Kwenye throto kuna skrubu ndogo inayoizuia sahani isifunge mpaka ikakwama kwenye ukuta, na kwa mafundi wengi skrubu hiyo ndiyo mahali pa kurekebishia sailensa. Ilikuwa hivyo enzi za kabureta, na mazoea yana mizizi. Kwenye injini hizi skrubu hiyo hupangwa kiwandani na haikuwekwa kwa ajili ya kazi hiyo. Akaizungusha huku, akaizungusha kule, ngoma ikabadilika mapigo bila kukoma. Baya zaidi ni kwamba tangu wakati huo hakuna aliyejua tena skrubu ilikuwa wapi mwanzo. Ukiniuliza, hilo ndilo tendo linaloharibu uchunguzi mwingi wa magari mjini: kugeuza kitu kabla ya kukipima, na bila kuweka alama.

Gereji ya pili ilikuwa na mashine. Kwanza kijana alijaribu kile kifaa cha bei nafuu kinachoungana na simu, kikakataa kabisa kuongea na Platz. Si ajabu. Tundu la kuchomekea linafanana, lakini magari mengi ya miaka ile yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayazungumzi lugha ambayo Marekani iliilazimisha kwa magari yake kuanzia 1996. Akaleta mashine kubwa zaidi, ikasoma namba moja: P0171. "Sensa ya hewa imekufa," wakasema, na bei ya sensa ikatajwa kabla boneti haijafungwa.

P0171 haisemi hivyo. Inasema mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo, na kompyuta imeongeza petroli mpaka ikafika kikomo cha ruhusa yake. Sensa mbovu au chafu inaweza kuleta hali hiyo. Pampu iliyochoka pia inaweza, hata mpira uliopasuka. Namba ya mashine inakuambia gari linalalamika kuhusu nini, haikuambii umlaumu nani. Sensa sikuinunua. Ilikuwa ikifanya kazi mpaka siku ile throto ilipobadilishwa, na sikuona kwa nini iamue kufa siku hiyo hiyo.

Shemeji yangu ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja wa Tabata, anayefanyia kazi chini ya mwembe pamoja na kijana wake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Throto ya zamani iko wapi?"

Ilikuwa kwenye buti, imefungwa gazeti. Nilishajifunza zamani kwa marehemu baba kwamba kifaa kilichotolewa kwenye gari lako ni chako, hata kama ni chakavu. Ukikiacha gerejini umeacha shahidi. Mzee alikipokea, akakiweka juu ya tairi bila kukitazama, na akaanza mahali ambapo sikutegemea. Alishika mpira wa juu wa rejeta. Akawasha gari, akangoja, akaushika tena. Alikuwa anatafuta themostati.

Hapa niseme kidogo, maana jambo hili linahusu nusu ya magari ya mji huu. Gari likichemka, fundi anatoa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba hapa ni Dar, joto lipo la kutosha. Themostati ya injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na kabla ya hapo huzuia maji yasiende kwenye rejeta ili injini ipate joto upesi. Ikiondolewa, injini inachelewa kufika joto lake, pengine haifiki kabisa ukiwa barabarani. Kompyuta inaona baridi, inaamini gari limewashwa sasa hivi, inaongeza petroli na kuinua sailensa. Mwenye gari anabadilisha plagi, koili na sensa, na mafuta yanaisha kama maji. Yangu ilikuwapo. Lakini throto ya gari hili inapitiwa na maji ya kupozea, kwa hiyo kila inapofunguliwa maji yanamwagika na hewa inaingia kwenye mipira. Mzee alikuta rejeta imepungua. Akajaza, akatoa hewa, akangoja feni iwake na kuzima. Ngoma iliendelea, lakini sababu moja ilikuwa imefutwa kwenye orodha.

Kisha kijana wake akachomeka mashine, na safari hii hawakuangalia namba za makosa. Waliangalia tarakimu zinazobadilika injini ikiwa inanguruma, hasa ile inayoonyesha kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kwa asilimia ngapi kuliko ilivyokadiria. Kwenye sailensa ilikuwa inaongeza 23. Mzee akaamuru injini ishikiliwe kwenye 2,500. Ikashuka mpaka 5.

"Inavuta hewa ya wizi," akasema, na kwa mara ya kwanza akatafuta koleo.

Tofauti ya hizo tarakimu mbili ndiyo iliyomwambia. Sensa ikiwa chafu, au petroli ikiwa haifiki ya kutosha, kasoro haiponi kwa kukanyaga mafuta. Mara nyingi huzidi. Kasoro inayokuwa kubwa kwenye sailensa na kufifia injini inapokimbia ina harufu ya tundu. Aliibana mipira mmoja mmoja kwa koleo lililofungwa kitambaa: wa busta ya breki, wa mvuke wa petroli, wa hewa ya krenki. Hakuna kilichobadilika. Halafu akachukua kopo la kusafishia kabureta na kupuliza kidogo kidogo kuzunguka pale throto inapokutana na manifoldi. Upande wa chini, pasipoonekana, injini ikabadilisha sauti papo hapo, kwa sababu ilikuwa imelishwa dawa hiyo kupitia ufa. (Dawa hiyo inawaka moto. Mzee alipuliza matone, mbali na bomba la moshi, na kijana alisimama na mtungi wa kuzimia. Nimeona wengine wakiimwaga kama wanaosha vyombo.)

Gasketi iliyokuja ndani ya boksi jeupe ilikuwa karatasi nyembamba, na tundu lake lilikatwa vibaya kiasi kwamba kona moja haikukaa juu ya chuma. Aliagiza ya Toyota, na bei yake ilikuwa sehemu ndogo sana ya bei ya throto. Alipoifunga, ngoma ikakoma. Mashine ikaonyesha nyongeza ya petroli ya asilimia 3, jambo la kawaida kabisa kwa gari la umri huo. Na sailensa ikatulia kwenye 1,250, ikagoma kushuka.

Pale chini ya mwembe kulikuwa na wenye magari wengine na mafundi wawili watatu waliokuja kuazima spana, na karibu wote walisema neno moja: basi tatizo halikuwa gasketi. Nadhani hapo ndipo uchunguzi mwingi hufia. Mtu anarekebisha kitu sahihi, gari halijapona, anahitimisha kwamba kile alichorekebisha kilikuwa kizima, anakivuruga tena au anahamia kwa sensa. Haimwingii akilini kwamba kifaa kimoja kipya kinaweza kuja na kasoro mbili.

Kazi yangu ni hesabu, na tarakimu za mashine ndizo zilizonifanya nielewe kabla mzee hajaeleza. Hewa iliyokuwa inapenya kwenye gasketi iliingia nyuma ya sensa, bila kupimwa. Ilikuwa fedha inayoingia dukani bila kukatiwa risiti: kompyuta iliigundua baadaye, kwa sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, pale vitabu vilipokataa kulingana, ikabidi iongeze petroli kufidia. Sasa vitabu vinalingana. Asilimia 3 maana yake kila gramu inayoingia imepita kwenye sensa na kuandikwa. Kama mizunguko bado iko juu, basi hewa ni halali ila ni nyingi mno. Inapita njia kuu, mlangoni, mbele ya mhasibu. Hivyo gasketi na mipira yote imetoka kwenye kesi, zimebaki njia mbili tu: vali ya sailensa, au sahani yenyewe.

Mashine ilionyesha kompyuta imeshaifunga vali karibu yote. Mzee akatoa bomba la hewa, akaziba kwa utepe tundu la kile kijia mdomoni mwa throto, akawasha. Mizunguko ilishuka kidogo tu. Akazima, akafungua throto mpya, akairudisha skrubu nyuma mpaka isiguse kitu, akaiinua kuelekea jua.

Upande mmoja sahani ilikuwa inakwaruza ukuta. Upande wa pili mwanga ulipita, utepe mwembamba lakini mrefu, robo nzima ya duara. Hakuna bisibisi ingeweza kuurekebisha. Kisha akaiinua ile ya zamani, pamoja na masizi yake: uzi wa mwanga mwembamba, sawasawa pande zote. Akautikisa mhimili kama fundi wa kwanza alivyofanya. "Huu mchezo ni wa kawaida," akasema. "Hata ingekuwa ya dukani ingetikisika hivi." Akaifungua vali ya sailensa iliyo chini yake na kunipa niizungushe kwa kidole. Ilikwama nusu ya njia, imegandishwa na lami ya moshi wa krenki. Hicho ndicho kilichokuwa kinalizima gari tangu mwanzo. Throto haikuwa na kosa lolote, ila uchafu.

Kuisafisha kulichukua muda mfupi kuliko mabishano yaliyotangulia. Alitumia dawa, kitambaa na mswaki wa zamani, bila kisu wala bisibisi, kwa sababu mkwaruzo kwenye ukuta wa throto ni tundu jipya. Vali ilipewa gasketi mpya. Ikafungwa, maji yakajazwa upya, hewa ikatolewa.

Na bado ilipowashwa mara ya kwanza ilisimama kwenye 1,100. Safari hii hakuna aliyegusa kitu. Kompyuta huwa inajifunza: wakati vali na throto vinaziba taratibu kwa masizi, yenyewe ilikuwa ikizoea kuagiza ufunguzi mkubwa zaidi, na mazoea hayo hayafutiki kwa sababu wewe umepiga mswaki. Mzee alichomoa betri, akanywa chai, akairudisha. Akaiacha injini ipate joto bila AC wala taa, kisha akawasha taa, kisha AC, kisha akaweka gia ya D huku breki imekanyagwa, kila hatua akiipa muda. Mshale ukatua juu kidogo ya 700.

Jirani yangu mwenye Starlet ya zamani alipoiga mtiririko huu kwenye gari lake, dalili hazikulingana. Nilimwambia asishangae. Injini yake haina sensa ya kupima hewa inayoingia. Inapima mgandamizo ndani ya manifoldi na kukadiria. Hewa ya tundu kwake inahesabiwa kama hewa nyingine yoyote, inapewa petroli yake, na gari linapandisha sailensa kwa utulivu bila kupungukiwa na kitu. Ushauri wa barazani una tatizo hilo: anayeutoa hasemi aliupata kwenye injini gani.

Throto mpya niliirudisha Gerezani. Muuzaji aliniamkia vizuri, akaipokea, akaigeuza, akanionyesha maandishi ya chini ya risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Nilimwomba aiinue juani. Aliinua, akatazama muda kidogo, akamwita mwenzake naye atazame. Fedha hawakurudisha. Walinipa plagi nne na chujio la hewa, na throto ikarudi rafuni, kwenye boksi lake jeupe.

Wiki chache baadaye nilirudi Tabata. Nilimweleza mzee kwamba nikisimama kwenye foleni, gia ya D, AC inawaka, bado nasikia mtetemo kwenye usukani. Aliangalia mshale, haukucheza. Akaniambia niweke N, mtetemo ukapotea. Akainama chini ya boneti na kunionyesha mpira uliopasuka chini ya injini.

"Hiyo si sailensa, mwanangu. Hizo ni maunti."

Nikamwomba asinitajie bei mpaka mwisho wa mwezi.